Nyumba ya Baba na Mama Zainabu

Mjukuu wangu, ipo asubuhi moja ambayo nikiikumbuka huwa naacha kwanza kazi niliyoshika. Nilikuwa nafagia uani kwangu hapa Runzewe, jua bado halijawa kali, nikamwona kijana na mkewe wamesimama kwenye kiwanja kilichopakana na changu. Mwanamume alikuwa na panga, mwanamke ana jembe. Hawakuja na fundi wala gari la mawe. Wakanisalimia kutoka kule kule, "Shikamoo mama," nikawaitikia, wakainama kufyeka majani. Mchana ulipofika walikuwa wamesafisha kipande kidogo tu, kama cha kutandika mikeka. Wakakaa hapo hapo kwenye kile kipande, wakala viazi vyao, na nikawasikia wanabishana jiko likae upande gani ili moshi usiingie chumbani.

Nikacheka peke yangu. Nyasi bado zimewafika kiunoni, wao wanagombana na moshi.

Yule mwanamume anaitwa Ramadhani, ametokea Tabora kufuata dhahabu, na kazi yake ilikuwa kushuka kwenye maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji wadogo huko upande wa Geita. Mkewe ni Msukuma mwenzangu wa Shinyanga, anauza chai na chapati pale malori yanapoegesha. Binti yao ni Zainabu, ndiyo maana wote tunawaita Baba Zainabu na Mama Zainabu. Walikuwa wamepanga chumba kimoja karibu na soko, watu watatu, na magunia ya ngano humo humo.

Nataka nikueleze walivyojenga, kwa sababu wewe umeoa juzi na kila ukija hapa unaniambia utaanza kujenga mambo yakikaa sawa. Mimi na marehemu babu yako tulijenga nyumba hii vijana, kwa udongo tuliokanyaga kwa miguu yetu, kwa hiyo ndoo ya matope naijua uzito wake. Lakini wale wawili walinifundisha jambo ambalo hata mimi sikuwa nalijua.

Mama Zainabu alikuwa akimaliza kuuza chai anakuja moja kwa moja kiwanjani na toroli la madumu ya maji. Anamwaga kwenye udongo, anaukanyaga, anafunika na majani, anarudi mjini kumpokea mtoto shuleni. Ramadhani naye akitoka mgodini alikuwa haendi kwanza nyumbani kulala. Anapita kiwanjani na begi lake mgongoni, anauliza, "Leo imefika wapi?" Mkewe anamwonyesha tofali mpya zilizopangwa juani, na yeye anavua shati, anashika kibao cha kufyatulia, wanaendelea wote wawili. Mmoja anajaza udongo, mwingine anageuza. Na muda wote huo wanaongea. Sijui walikuwa wanaongea nini siku nzima, maana mimi na babu yako tulikuwa tunafanya kazi kimya, lakini maongezi yao yalikuwa yananifikia hapa uani kama redio ya jirani.

Tofali zilipokauka wakajenga tanuru, wakaomba pumba za mpunga kwenye mashine ya kukoboa, wakachoma. Wakachimba msingi wa vyumba vinne, wakakubaliana waanze na viwili vya nyuma. Fundi mmoja mtaratibu wa hapa mtaani akaanza kupandisha kuta. Yeye akipanga tofali, Mama Zainabu anamkorogea udongo. Kuta zikafika usawa wa madirisha.

Hapo ndipo simu ilipokuja. Jiwe lilikuwa limechomoka kwenye ukuta wa duara likamvunja Ramadhani mguu. Wenzake walimtoa kwa kamba, akapelekwa hospitali, akakaa huko, na siku aliporudi alishuka kwenye bajaji mguu ukiwa umefungwa hogo la plasta mpaka juu ya goti, kwapani ana magongo. Nilikwenda kumpa pole. Alikuwa amekonda, lakini alinitania, akasema, "Mama, jiwe nalo lilitaka kujua mimi ni nani."

Watu wakaanza kusema ile nyumba itabaki boma. Unayajua maboma ya huku, kuta zisizo na paa, mbuzi wanalala ndani. Lakini Mama Zainabu akamwambia fundi aje kila anapoweza, hata nusu siku. Akaendelea na chai yake, akaendelea na toroli lake, na jioni akirudi chumbani anamweleza mumewe ilivyopanda. Mwanzoni Ramadhani alikuwa anasikiliza na kuuliza. Hata aliletwa mara moja kwa pikipiki, akakaa kivulini akatazama.

Kisha akaacha kuja. Akaacha na kuuliza.

Mkewe hakujua kwa nini. Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwepo sokoni. Ramadhani alikuwa amekaa kijiweni na wanaume wenzake, mmoja akamwambia, "Wewe Rama una bahati. Sisi tunajenga, wewe unajengewa na mkeo." Wakacheka, na yeye akacheka nao. Lakini nilimwangalia usoni wakati wenzake wanageukia maneno mengine. Kicheko kilikuwa kimeshamtoka, ameshika magongo yake kama mtu anayesubiri gari.

Ikapita muda. Hogo likatolewa, mguu ukabaki mwembamba, daktari akamwambia asibebe kitu kizito na asirudi mgodini mpaka aruhusiwe. Alasiri moja Mama Zainabu akaja kwangu. Hakuwa na toroli. Akakaa kwenye kigoda, akafungua mtandio wake, akaufunga tena.

"Mama," akasema, "kesho anarudi Geita. Wenzake wanapita na gari asubuhi."

"Na mguu?"

"Anasema umepona. Nimemwona akijaribu kuinama avae kiatu. Haujapona."

Nikamweleza yale ya kijiweni. Akasikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atalia, au atawakasirikia wale wanaume. Badala yake akainuka, akavuka kwenda kiwanjani, nikamsikia anamwambia fundi, "Fundi, shuka. Kazi imesimama."

Fundi akauliza kama amekosea.

"Hujakosea. Mwenzangu hayupo."

Akarudi akaniomba nimsindikize, kwa sababu alitaka maneno yale yawe na mtu mzima wa kuyasikia. Nikajifunga khanga yangu, tukaenda.

Tulimkuta Ramadhani anapanga begi. Viatu vya mgodini, tochi, shuka. Alinisalimia kwa heshima, akanipa kiti, lakini hakuacha kupanga. Mkewe akabaki amesimama mlangoni.

"Nimemsimamisha fundi," akasema.

"Kwa nini umsimamishe? Mwache aendelee. Nyumba yako inakwenda vizuri."

"Hilo ndilo nililokuja kukuambia. Mimi yangu siijengi, Rama. Siijui. Ile tuliyoipanga pale kwenye majani ilikuwa ya watu wawili wanaobishana. Ukienda, kuta zitakaa hivyo hivyo mpaka urudi. Na usiporudi zitakaa hivyo hivyo."

Ramadhani akakaa kitandani. Akaushika ule mguu kwa mikono miwili, akausogeza. "Nije pale nifanye nini?" akauliza. "Nikae kwenye kiti nimtazame mke wangu anabeba udongo? Watu wanapita pale. Huwaoni wanavyonitazama."

Mimi mwanangu nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Nilitaka kumwambia afanye hivi na vile. Lakini Mama Zainabu akamjibu kabla yangu, na jibu lake ndilo lililonifanya nimheshimu mpaka leo. Hakumwambia usijali. Hakumwambia wewe ni mwanamume bwana, watu waache.

Alisema, "Sijui utafanya nini. Nimefikiri njia nzima sijapata. Njoo tutafute wote."

Nikaona na mimi neno moja linanitosha, nikamwambia, "Baba Zainabu, mguu huu ulivunjikia kule. Hata kupona haujamaliza, unataka kuurudisha kule kule. Nani amekuambia wewe ni wa kule tu?"

Tukamwacha.

Kesho yake asubuhi gari la wenzake likaja likapiga honi. Jirani zake walinisimulia kwamba alitoka nje na begi mkononi, akasimama, dereva akimhimiza. Halafu akawaambia watangulie. Mmoja akamuuliza atakuja na gari gani, akasema, "Nendeni tu. Nina kazi hapa." Na alipolisema hilo, mwanangu, kazi yenyewe hakuwa nayo.

Alikuja kiwanjani kwa miguu, na magongo, kutoka sokoni mpaka huku. Alifika jasho linamtiririka. Mkewe alikuwa amekaa juu ya tofali, kweli hajagusa kitu. Akamsalimia kama vile alikuwepo jana, akamwambia, "Fundi anasema kabla ya linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, inahitajika kokoto, na mawe yale makubwa yaliyobaki kwenye msingi yapo tu."

Ramadhani akaenda kwenye yale mawe. Akalizunguka moja, akaligonga kwa gongo lake, akalisikiliza. Akaomba nyundo na gunia la kukalia. Akakaa chini, mguu mbovu ameunyoosha mbele, akapiga. Jiwe likapasuka vipande viwili, akachukua kimoja akakipasua tena. Siku zote alikuwa anapasua mawe gizani chini ya ardhi, sasa anapasua juani, mkewe yuko hatua chache anakoroga udongo. Jioni palikuwa na kichuguu cha kokoto kama cha mchwa. Siku iliyofuata kikaongezeka. Akafunga turubai la kivuli. Na haikuchukua muda nikayasikia tena yale maongezi yao, yananifikia huku uani. Nyundo inagonga, inanyamaza, anasema neno, mkewe anacheka, inagonga tena.

Siku ambayo linta ilimwagwa, kokoto yote ilikuwa ya mkono wake. Mafundi wengine wakaja kuitazama, wakaisifu kwamba imelingana, wakaanza kumwagiza. Leo hiyo ndiyo kazi yake. Mguu ulibaki mfupi kidogo, anachechemea, na mgodini hakurudi.

Mawingu ya vuli yalipoanza kujikusanya wakawa na bati za kutosha vyumba viwili. Hawakusubiri zaidi. Fundi yuko juu kwenye kenchi, zile mbao za paa, Mama Zainabu anapandisha bati kwa ngazi, Ramadhani chini anazipima na kuzikata. Wakahamia na kuta ambazo hazijapigwa lipu, madirisha wameyaziba kwa mbao. Toroli la maji ndilo lililobeba godoro. Zainabu alikuja mbele amekumbatia kuku, akamwachia ndani, akasema huyo awe wa kwanza kuzoea. Shehe wa msikiti wao akasoma dua, na mimi Mkatoliki nikafanya ishara ya msalaba pale pembeni, hakuna aliyeona vibaya. Nikawapelekea maziwa kwenye kibuyu. Tukanywa tumekaa kwenye sakafu ya udongo, harufu ya bati mpya imejaa chumba.

Vile vyumba viwili vya mbele bado ni kuta tu. Jumapili nikitoka misa nawakuta wanapandisha kozi moja ya tofali, au wanapiga lipu kipande cha ukuta, au wamekaa tu wanabishana rangi. Sijawahi kuwaona wakiionea haya nyumba yao kwa kuwa haijaisha. Wanaishi ndani yake huku wanaijenga, na wakipata mgeni wanamwonyesha hata pale ambapo bado ni majani, wanamwambia, hapa patakuwa sebule.

Sasa nikuambie wazi nililojifunza kwao. Usingoje mambo yakae sawa, mwanangu. Nenda na mkeo mfyeke kipande cha kutandika mkeka, mkae hapo, mle, mbishane. Jenga kwanza kile mtakachoweza kulala ndani yake, kingine kitafuata. Na katika kujenga, mmoja wenu ataanguka. Inaweza kuwa maradhi, inaweza kuwa kazi kuisha, inaweza kuwa moyo tu kuchoka. Siku hiyo usiendelee mbele ukamwacha nyuma, hata kama una nguvu za kumaliza peke yako. Simamisha fundi. Mwambie mwenzako hujui, lakini mtafute wote. Na ikiwa wewe ndiye umeanguka, usikimbilie mahali ambapo hakuna anayeuona udhaifu wako. Nenda kiwanjani ukae hata chini. Mkono ukiwa karibu na kazi, kazi huuona. Na maneno ya kijiweni yaache kijiweni, maana walioyasema siku ile wamekwishayasahau.

Mungu akupe wewe na mkeo kiwanja kisicho na ugomvi na jirani mwenye kisima. Awape afya ya kubeba, na siku isipokuwepo awape uvumilivu wa kukaa pamoja. Awape cha kuongea wakati mikono inafanya kazi, msichokane, msinyamaziane. Na mvua ya kwanza ya nyumba yenu iwakute wote wawili mmo ndani.