Paka Aliyekatwa Ncha ya Sikio

Asubuhi za Mwamkulu, mpunga unapokaribia kuiva, ukungu hulala juu ya majaruba hata mtu akadhani nyumba zinaelea. Katika ukungu huo nilizoea kumwona paka jike wa rangi ya majivu akitoka chini ya ghala la jirani yangu, akipita juu ya tuta bila sauti. Hakuwa na mwenyewe. Nikimsogelea hutoweka, nami hubaki nikijiuliza kama kweli nilimwona.

Jirani yangu, mjane wa Kisukuma aliyehamia huku na ng'ombe wa marehemu mumewe, hakuwa na shaka hata kidogo. Kila uzao wa paka yule ulimpunguzia vifaranga.

"Mwalimu," aliniambia, akinining'inizia kipakiti cha sumu ya panya, "mayai ya kuku wangu yakianguliwa safari hii, dagaa wake wa kutiwa hii ninao tayari."

"Mayu," nilimjibu, nikimwita kama wanawe wamwitavyo, "ukimuua huyu, mwingine atakuja kukaa palepale. Nipe nafasi nimfungishe kizazi."

Alicheka hadi akashika kiuno. "Nyie watu wa vitabu! Uzazi wa mpango kwa paka?"

Hata hivyo alinipa muda, mpaka mayai yaanguliwe.

Kila jua lilipochomoza niliweka dagaa wa Ikola chini ya tenga la kuku, lililoegemezwa juu ya kijiti chenye kamba. Mwanzoni sikuivuta kamba. Nilitaka kwanza alizoee tenga. Siku niliyoivuta, nilifunika tenga kwa shuka upesi, na purukushani yote ikatulia, kana kwamba usiku umemshukia yeye peke yake. Daktari wa mifugo, aliyezoea ng'ombe zaidi, alimlaza kwa sindano, akamfunga kizazi, na paka angali usingizini akamkata ncha ya sikio la kushoto: alama ya kuonyesha kwa mbali kwamba huyu ameshashughulikiwa, asikamatwe tena bure. Nilimtunza ndani hadi alipopata nguvu, kisha nikamrudisha ghalani, kwa kuwa ndiko alikokujua.

Mayai yakaanguliwa. Asubuhi iliyofuata nilimkuta jirani yangu amesimama ukunguni, sahani ya wale dagaa wa sumu mkononi, paka akiwa mbele yake juu ya tuta. Alikuwa akilitazama lile sikio, kama wafugaji wamtazamavyo ng'ombe mgeni aliyeingia zizini.

"Huyu ametiwa alama," alisema. "Ana mwenyewe."

Kwao ng'ombe hutambuliwa kwa mkato wa sikio, na mwenye mkato haguswi. Nilianza kumfafanulia, taratibu, kwamba alama ile haihusu umiliki.

"Nani alimpeleka kwa daktari?"

"Mimi."

"Nani anamlisha?"

"Mimi, Mayu."

"Haya. Mwenyewe nani?"

Aliwatumbukiza dagaa wote chooni, akarudi akipangusa mikono. "Mwambie ng'ombe wako asikanyage bandani kwangu."

Siku hiyohiyo nilinunua wavu, nikaanza kuziba banda lake, kwani mwenye mnyama ndiye ajengaye ua. Nilipoinua macho kutoka kwenye misumari, paka alikuwa juu ya tuta akinitazama. Nilisogea hatua moja. Safari hii hakutoweka.