Boti ya Dodoma na Gari la Kuivuta

Ujumbe wa simu ulioniletea msiba huu ulikuwa mfupi: dada ametutoka, tunazika Alhamisi Buigiri. Aliyeuandika ni mdogo wake marehemu, na sikuwa na haja ya kuuliza dada yupi. Wengi wenu mnaonisoma kila Jumapili hamkumjua. Hakuwa mbunge, wala hakuwahi kuitwa mahali popote kukata utepe. Alikuwa bibi maendeleo, mmoja wa wale watumishi wa serikali waliozunguka vijijini wakiwafundisha kina mama mambo ya lishe, vikundi na miradi midogo, mpaka miaka ile tuliyoiita ya ruksa, serikali ilipoamua kupunguza wafanyakazi na yeye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Nilimfahamu kwa sababu ya jambo moja la ajabu: alinunua boti Dodoma. Lakini tangu nilipoupata ujumbe ule, ninachokikumbuka zaidi si boti yenyewe, bali jinsi alivyotafuta gari la kuivuta.

Nilikuwa mwandishi mchanga wa gazeti moja kati ya yale mengi yaliyozuka baada ya milango kufunguliwa, na mhariri wangu alinituma kwenye mnada wa mali za mradi mmoja wa maji uliokuwa umefungwa. Magari yaligombewa na kuondoka kwanza. Zikafuata jenereta, meza na viti. Mwishoni ilibaki boti ya faiba pamoja na injini yake, imelala juu ya tela la chuma kwenye kona ya uwanja, mbuzi wamejipumzisha kivulini mwake. Dalali alipoitaja, watu walicheka, na ungecheka hata wewe, kwani mwaka ule mtaani tulikuwa tukitafuta maji kwa madumu. Mwanamke mmoja mrefu, aliyejifunga kitenge juu ya gauni la kazini, akanyoosha mkono. Hakuna aliyeshindana naye. Nilimfuata nikitaka maneno mawili ya kuchekesha wasomaji. Baada ya shikamoo nikamwuliza boti hiyo ataielekeza wapi. Alinieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kuulizwa na nafsi yake, kwamba inakwenda Mtera, kwenye lile bwawa kubwa kusini mwa mkoa. Huko kulikuwa na kina mama aliofanya nao kazi miaka mingi, wakausha samaki, ambao hawakuwa na chombo chao na walilazimika kuwangoja wenye mitumbwi, wachukue walicholetewa kwa masharti ya aliyeleta. Boti ingekuwa ya kwake na ya kikundi kile. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kimeingia humo. Akaniangalia, akatabasamu. "Boti ninayo, mwandishi," alisema. "Gari la kuivuta ndilo silijui. Wewe unalijua?" Sikulijua, na nadhani jibu hilo ndilo lililonifanya nisiandike kichekesho nilichotumwa, nikaanza kumtembelea.

Miaka ile kila mtu mjini alikuwa bingwa wa magari. Zamani kidogo tu mtu aliomba kibali na kusubiri mpaka anasahau kuwa aliomba. Sasa magari yalishuka bandarini kutoka Dubai na Japani kila mwezi, na maofisini mazungumzo yalikuwa ni lipi linafika Dar es Salaam mapema, lipi lina redio ya kanda, lipi lina kiyoyozi. Yule mama alilipeleka swali lake kwa watu wa kila aina, na karibu wote walimjibu kuhusu nguvu ya injini. Mmoja alimshauri trekta, kwa kuwa halishindwi na kitu. Mwingine alimwambia aachane na tela, aipakie boti kwenye lori la mahindi. Alipoulizwa itashushwa na kupandishwaje kila inapohitaji matengenezo, akasema hilo litajulikana hukohuko. Yeye aliwasikiliza wote kwa adabu, akawashukuru, halafu kila mmoja akamwuliza jambo lilelile: na likiwa linashuka? Walikuwa wamefikiria kupanda tu.

Kabla ya kukubali gari lolote alitaka kuiona njia mpaka mwisho wake, kwa hiyo tukapanda basi kwenda Mtera. Barabara ile haikuwa na lami. Tulipofika mteremko wa Fufu, mahali nchi yetu ya juu inapovunjika na kuteremka kwa kona na mawe kuelekea bondeni, aliacha mazungumzo akawa anamtazama dereva miguu na mikono: anakanyaga nini, anabadilisha gia wapi, anaachia lini. Basi lilipopumzika chini, alimfuata kumwuliza, na yule dereva, ambaye safari nzima hakuwa amemjibu mtu, alimweleza kwa kirefu kwamba anayeitegemea breki peke yake pale hafiki na breki. Gari zito huzuiwa na gia. Bwawani tulikuta maji yamerudi nyuma kama yafanyavyo kiangazi, yameacha uwanda mpana wa tope lililokauka juu na laini chini. Alivua viatu akatembea kuyafuata maji, akazama mpaka kwenye muundi. Wenzake wa kikundi walimcheka na kumvuta. Wakatuonyesha mahali ambapo gari la mchuuzi mmoja lilikwama mpaka mvua zikakaribia. Aliwauliza mwishowe lilitolewa na nini. Wakasema, maksai wa kulimia. Tuliporudi alionekana kama mtu aliyepata nusu ya jibu.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yake, mume wa yule mdogo wake aliyenitumia ujumbe. Alikuwa mfanyabiashara wa Kondoa, mchangamfu, mkarimu, na alikuwa ametoka kununua pikapu nyeupe ya Kijapani ambayo viti vyake vilikuwa bado na nailoni za kiwandani. Alikuwa amekwisha kuwatangazia jamaa wote kwamba boti ya shemeji ataivuta yeye, bure, yeye na mkewe pembeni. Alikuja Dodoma Jumamosi moja, tukafunga tela. Kwenye lami pikapu ile ilikwenda kama haina kitu nyuma. Ikapanda kilima cha Mlimwa bila kulalamika, watu wakapiga makofi. Ndipo yule mama, aliyekaa kiti cha mbele, akasema kwa sauti ya kuomba: "Kupanda nimeona, shemeji. Sasa naomba tushuke, tupite ile njia ya kokoto." Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya pikapu, pua ya boti karibu na magoti yangu. Mwanzo tulishuka vizuri. Kwenye kona alikanyaga breki, na pikapu ikatii lakini tela halikutii. Niliiona pua ya boti ikinijia, nikahisi nyuma ya gari inabebwa upande kama mtu anayesukumwa na umati, na mara tukawa tumekaa kwa upana wa njia, gurudumu moja mtaroni, boti imeegemea mgunga. Hakuna aliyeumia. Shemeji alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili. Mama alishuka, akazunguka mpaka dirishani kwake, akamwuliza kama yu mzima kabla hajatazama boti.

Mwingine angeishia hapo. Yeye alitaka kujua kwa nini, na Jumatatu aliomba ruhusa ya kutumia mizani ya malori kwenye ghala moja la nafaka. Tukalipima tela na boti yake, halafu tukaipima pikapu. Mzigo ulilizidi gari uzito. "Si wewe, shemeji, na wala si gari bovu," alimwambia pale kwenye mizani. "Limesukumwa na mkubwa wake." Naamini alikuwa anampa njia ya kutoka bila aibu, lakini yule bwana hakuisikia hivyo. Alisema dereva mzuri angepunguza mwendo tu, kwamba safari nyingine angeifanya vizuri, kwamba ameshaahidi. Mama akasema hapana. Shemeji aliondoka kurudi Kondoa chakula kimeshapakuliwa mezani, hakuonja hata tonge, na mnajua kwetu hilo lina maana gani. Baada ya siku chache mdogo mtu alikuja analia, akimsihi dada yake aikubali pikapu, hata boti ipunguzwe injini, mradi nyumba yake ipate amani. Nilikuwepo. Dada alimkumbatia muda mrefu, na bado akasema hapana.

Gari alilolichagua lilikuwa Landrova ndefu ya dizeli, kuukuu, ya bwana mifugo mstaafu aliyeishi mtaa wa pili. Ilivuja oili, rangi yake haikujulikana tena, na haikuwa na haraka ya kwenda popote. Lakini ilikuwa nzito, ilivuta kwa magurudumu yote manne, na ilikuwa na zile gia za chini ambazo hulishika gari kwenye mteremko. Mzee mwenyewe alikataa kwanza. Alisema gari lake limechoka kama yeye na hataki kesi. Mama hakumbembeleza. Alimwomba tu aje aone boti, kwa kuwa huenda hajawahi kuiona kwa karibu. Mzee alikuja kwa shingo upande, akaizunguka, akainama, na baada ya muda wote wawili walikuwa wamechuchumaa chini ya boti katikati ya mtaa wakibishana kama mzigo usogezwe mbele kidogo ili ukae vizuri kwenye ndoano, na kama ndoano yenyewe iteremshwe ili tela lilale sawa. Wakafungua magurudumu ya tela na kuyatia grisi. Nilijua gari limepatikana.

Tuliondoka alfajiri. Juu ya Fufu mzee alisimama, akaingiza gia ya chini, akatuambia mimi na mama tushuke tutembee nyuma ya tela na mawe mikononi, tayari kuyazuia magurudumu. Hatukuyatumia. Landrova iliteremka polepole kiasi kwamba wachungaji wenye mbuzi walitupita wakituamkia, na mmoja aliuliza samaki yule mkubwa tumemvua wapi. Chini kabisa mzee alizima gari, akaomba maji, akanywa. Bwawani, Landrova iligeuzwa na kuachwa kwenye ardhi ngumu. Haikukanyaga tope hata kidogo. Maksai walilivuta tela mpaka majini, kamba ndefu imefungwa nyuma yake ili Landrova iweze kulirudisha. Kina mama wakaisukuma boti kwa mabega. Ilipoelea, wengine walipiga vigelegele, yeye akakaa chini kwenye tope na nguo zake nzuri, akainamisha kichwa kwenye magoti.

Haikupita wiki alipanda basi kwenda Kondoa. Haya aliniambia mdogo wake. Alifika, akasalimia, akala alichopewa, kisha akamwambia mwenye nyumba: "Sikulikataa gari lako, shemeji. Nililikatalia kazi ile. Sasa nina samaki wanaoharibika njiani, na gari la mbio sina." Yule bwana akamwongezea chai, halafu akauliza aje siku gani. Kwa miaka mingi pikapu ile nyeupe ilitoka Mtera na samaki, ikaingia soko la Dodoma, ikaendelea mpaka Kondoa, na haikuwahi kuchelewa. Haikuwa neema tupu. Kuna msimu maji yalipungua sana na boti ikalala juu ya nchi kavu kama ilivyokuwa uwanjani. Kuna mwaka kikundi kiligombana nusura kivunjike. Lakini kina mama walipata chombo chao, na baadaye wakajenga cha pili.

Wakati fulani nilimwuliza swali lile la mteremko alilitoa wapi, yeye ambaye hakuwa hata na leseni. Alisema alilipata kazini. Alikuwa ameona mashine za kusaga zikiletwa vijijini kwa ngoma na hotuba, na baada ya wafadhili kuondoka hakuna aliyejua pa kupata mikanda yake. "Miradi mingi niliyoiona ilijua kupanda," alisema. Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi nikikumbuka miaka ile, mabasi yaliyoshindana mbio mpaka tukazika rafiki zetu, wenzake waliopunguzwa naye wakakimbilia biashara zilizowaka kwa msimu mmoja. Hatukuwa wajinga. Tulikuwa tumenyimwa vitu muda mrefu, na anayetoka kunyimwa huangalia kwanza kama kitu kinakwenda.

Alhamisi, Buigiri, baada ya sala za kanisani na kaburi kufunikwa, familia ilimwomba shemeji yake aseme neno. Ndevu zake sasa ni nyeupe, na kofia yake aliishika mkononi. Alisema marehemu aliwahi kumkatalia mbele za watu, na kwamba yeye alimkasirikia kwa hilo. Halafu akasema: "Kila nikifika juu ya Fufu nasimama kidogo. Siku ile ya boti, kama angenikubalia, ningekuwa na mke wangu pembeni." Akarudi kukaa karibu na mkewe. Mimi nilisimama nyuma ya waombolezaji nikatambua kwamba kwa miaka yote hii nimekuwa nikilisimulia tukio lile kama habari ya gari. Anayekuuliza kitu chako kitashukaje huenda hakidharau hata kidogo. Huenda anawafikiria watakaokuwa wamekaa ndani.