Tulivyoenda Kutafutia Injini ya Njeri Sensa

Hii safari hakuna mtu aliniita. Mjukuu wangu Njeri anasomea injini za ndege, na alikuwa ametengeneza moja ndogo na turbo ya lori, ile feni ya kusukumia injini hewa. Walimu wakamwambia bila sensa, vile vifaa vya kupima joto na presha pale ndani moto inawakia, hawamruhusu kuiwasha, na atarudia mwaka. Sasa, Njeri ana jina langu. Kwetu mtoto akiitwa wewe, yeye ni wewe. Nikaona basi hata mimi ni injinia. Nikafunga kitambaa ya kanisa.

Asubuhi tukatoka Mutuini. Injini ilikuwa imefungwa kamba nyuma ya pickup ya jirani, katikati ya sukuma wiki. Mimi nikakaa mbele nikimwelekeza dereva barabara anaijua kuliko mimi.

Kufika mjini, muuzaji wa spea anaitwa Wekesa akatutolea sensa ya presha na paipu refu, nyembamba.

"Hii inakaa mbali, mama. Presha inaifuata kwa paipu. Ikikaribia moto inaungua."

"Wewe githeri yako unaenda kuionjea kwa jirani?"

Akacheka, nami nikajiona profesa. Sensa za joto zilikuwa mbili: moja kama sindano ya kufuma, ingine nono kama kidole yangu. Njeri alishika ile nyembamba.

"Hiyo itaisha kabla chai ichemke," nikasema. "Beba nono."

Akaniangalia, akamwangalia Wekesa. "Sawa, cucu," akaniambia mimi nyanya yake.

Nikaenda kutafuta kiti, akili imechoka na kazi.

Mchana tukafika Kitisuru kwa Bwana Otieno, fundi wa ndege aliyestaafu, tujaribu kwa uwanja wake. Njeri akafunga sensa yangu, akawasha. Injini ikalia kama nyuki za dunia yote. Namba ya joto kwa mita ikaanza kupanda polepole, mimi napiga makofi. Mara Otieno akafunga gesi. Chuma ilikuwa nyekundu kabisa, na namba bado inapanda tu.

"Nani alichagua hii nono?"

Njeri akaangalia viatu.

"Ni mimi," nikasema.

"Mama, haidanganyi, inachelewa. Joto ikimaliza kupita huo unene, injini imeyeyuka. Tungekuwa tunazika saa hii."

Njeri akainama kwa begi yake akatoa ile nyembamba.

"Ulinunua saa ngapi?" nikamuuliza.

"Ukiwa umekaa. Kwani ningekukatalia mbele ya watu?"

"Na mbona ukaanza na yangu?"

"Si ulikuwa unaangalia, cucu."

Injini ikapoa, Njeri akafunga yake. Namba ikaruka papo hapo, naye akapunguza gesi kabla chuma ibadilike rangi. Presha nayo ikasomeka vizuri, huko kwa paipu yake ya mbali. Otieno akasema, "Hii utaiwasha mbele ya walimu."

Jioni tukarudi nyumbani. Nilichojifunza ni hiki: mtoto anaweza kubeba jina yako na akuachie akili yako. Siku hizi nikiulizwa dukani naonaje, nasema nimekuja kubeba mfuko. Lakini majirani nimewaambia injini tulitengeneza mimi na Njeri. Hapo kwa kuchagua sensa huwa naruka.