Nyeupe Kwanza, Nyeusi Baadaye

Nakumbuka siku moja ya Alhamisi, mwanangu, nikiwa binti mwenye kiherehere, kalamu sikioni, nimekabidhiwa ubao wa ratiba katika kiwanda cha ndoo pale Kihonda. Mimi ndiye niliyepanga mashine itoe nini, na kalibu ibadilishwe lini. Kubadilisha kalibu, lile umbo la chuma linaloipa ndoo sura, si kubadilisha kanga. Hunyanyuliwa kwa mnyororo, hufungwa, hupashwa moto, nusu siku imekwenda. Na rangi zina adabu yake: unaanza nyeupe, unamalizia nyeusi. Ukigeuza, utasafisha mashine mpaka ujute.

Asubuhi ile fundi wetu wa kalibu, Mzee Beatus, alinijia kofia mkononi.

"Binti yangu, mama yu hoi kule Mgeta, ananiita. Leo ni kalibu moja tu. Nikimaliza, niwahi gari la saa nane."

"Nenda, baba. Mpe pole."

Saa tano mtu wa mauzo akapiga simu: mteja anataka ndoo nyeusi, leo leo. Nami kwa kupenda sifa nikafuta ubao, nikatanguliza nyeusi. Jamani, ujinga gani ule! Tuliporudi kwenye nyeupe, ndoo zikatoka na michirizi kama zimepakwa masizi. Ikabidi mashine ifunguliwe, na aliyeijua alikuwa mmoja. Sikumwambia abaki. Nilimtazama tu, naye akavua koti.

Gari likaondoka. Alifika Mgeta kesho yake, mama amekata roho alfajiri.

Jumanne nilipanda milimani kwenda kuhani, nikitegemea matusi. Mzee Beatus aliitikia shikamoo yangu, akanipisha mkekani. Mjomba wake, kaka wa marehemu, ndiye aliyeniuliza, tena kwa upole: "Mwanangu, zile ndoo, mteja mwenyewe alizichukua?"

"Alizifuata Jumatatu, mjomba."

"Haya," akasema, akainama. Nililia kuliko wafiwa.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea mpaka uzeeni. Sasa nawe umepewa ratiba, ya kompyuta, sawa. Kabla hujafuta mstari, nenda kwa miguu yako ukamwone anayeusubiri. Anayepiga simu muulize: ni leo kweli, au ni kelele tu? Na uliyemwambia "nenda", mwache aende. Ahadi ni deni.

Mungu akujalie mkono mzito wa kufuta. Na siku mama yako atakapokuita, mwanangu, ulikute gari bado lipo.