Uji Ulioletewa Mtoto
Juzi nilienda kliniki moja huko Shinyalu kupimwa presha. Mbele yangu kwenye foleni alikaa mama kijana mwenye mtoto wa miezi miwili, pamoja na mama mkwe wake aliyekumbatia thamosi ya uji.

"Huyu mtoto analianga sana," mama mkwe akamwambia muuguzi. "Maziwa ya mama yake haimtoshi. Nataka nimuanzishie uji."

Muuguzi akampima mtoto, akamtabasamia nyanya huyo. "Kukhu, mjukuu wako ako sawa. Mpaka miezi sita, hayo maziwa ndiyo chakula yake na maji yake." Kisha akamgeukia mama kijana. "Na wewe, umekula nini leo?"

Akainamisha kichwa. "Bado."

Nyanya akafungua thamosi, akamimina kikombe kikajaa. "Kunywa, mwanangu. Mimi nilinyonyesha saba, na hakuna mtu aliniulizanga kama nimekula."

Niliona haya. Majuzi nilipoenda kwa binti yangu kumwona mjukuu wangu mchanga nilimfunua blanketi, nikasifu pua yake, nikaenda zangu.

Jioni hiyo nilimpigia binti yangu simu, nikamuuliza kama amekula.

"Baba," akasema, "kwani kuna nini?"