Msimamizi wa Jumamosi

Juzi, kwenye kaunta ya mahakama hapa Mombasa, karani alikuwa akijaza amri ya muda. Mke amedai kupigwa na mumewe; mpaka kesi isikizwe, mtoto akae na mamake, na babake amuone kila Jumamosi mbele ya msimamizi.

"Msimamizi ni mamangu," mume akadakia.

Mke akamgeukia mkwewe. "Mama, nakuheshimu. Lakini kila nilipopigwa, wewe ulikuwa ukiongeza sauti ya redio."

Bibi wa mtoto akavuta mtandio, akamtazama mwanawe, kisha akamwambia karani: "Andika mtu mwengine, mwanangu. Huyu mimi simuwezi."

Wananikera wazee wanaosema mambo haya yamalizwe nyumbani. Wakamuulize bibi huyu. Yeye alikuwa nyumbani.