Mkono wa Kushoto wa Wambui

Kabla hujaniita mwongo, njoo kwangu mtaani Tena umshike binti yangu mikono. Anza na wa kulia. Utaukuta na joto, kama mkono wa mtoto yeyote aliyetoka kucheza. Halafu shika wa kushoto. Ni baridi. Si baridi ya kunawa maji, ni baridi ya jiwe lililolala nje. Nimeupeleka hospitali, nimeuombea kanisani, nimeusugua kwa kitunguu saumu mpaka nyumba nzima ikanuka. Bado ni baridi. Kwa hivyo usiniambie niliota. Ndoto gani huacha baridi kwa mkono wa mtu mwingine?

Mimi si mtu wa kuogopa vivuli. Nilisoma mpaka fomu ya nne, na mambo ya mizimu niliwaachia wanaopenda kutishana stima ikipotea. Haya nayaandika kwa sababu nina hasira, na kwa sababu huenda wewe pia una mume anayependa kununua vitu.

Wangu alikuja nacho kwa mkokoteni, Jumamosi moja mwanzoni mwa hii miaka ya themanini. Duara kubwa la chuma lenye miguu, turubai nene katikati, na springi pande zote zikiivuta ile turubai ikae imekazwa kama ngozi ya ngoma. Kwa Kizungu ni trampolini. Watoto wa Tena hawakuwa na wakati wa jina refu. Kabla jua halijatua walikuwa wameibatiza Rukaruka. Baba Wambui aliitoa kwa muuza vyuma mmoja wa Pumwani.

"Bei ya kutupa," alisema, akiwa amesimama juu ya mkokoteni kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Nikamwuliza kitu kizima namna hii kinatupwa kwa nini.

"Mama Wambui, wewe hata ukiletewa malaika utauliza mabawa yametoka wapi."

Haya. Ua wetu ni mdogo, na ukuta wa nyuma umepandwa vipande vya chupa juu kwa sababu ya wezi. Yeye alitaka kuisukuma Rukaruka mpaka ukutani ili kamba ya nguo ipate nafasi. Nikakataa. Tukagombana, nikashinda, na nguo zetu zikaanza kuanikwa mbele ya nyumba, mtaa mzima ukajua rangi ya petikoti zangu. Lakini Rukaruka ilikaa katikati ya ua, mbali na ukuta kadiri nilivyoweza.

Sikuishia hapo. Nilishona magunia mara mbili nikafunika springi zote na ule mzingo wa chuma, maana mguu wa mtoto ukipenya kati ya springi hautoki mzima. Kila Jumamosi baba Wambui alipita na koleo akikaza kulabu, mimi nikapaka grisi, kisha nikaipapasa turubai kuona kama nyuzi zimeanza kukatika. Ikinyesha, hakuna kupanda mpaka ikauke. Viatu viachwe chini. Hakuna kupinduka kichwa. Na juu ya yote, mtoto mmoja. Akishuka huyo, apande mwingine. Watoto walinichukia. Nilimsikia kijana wa jirani yangu, Mama Atieno, akiwaambia wenzake, "Maze, huyu mathe ni askari jela." Mathe, yaani mama, ndiyo mimi. Sawa. Kwa askari jela hakuna aliyevunjika.

Ni katika kupaka grisi ndipo niliona kitu. Upande mmoja ule mzingo ulikuwa umepakwa rangi mpya, upande huo tu, na springi zake zilikuwa mpya kuliko nyingine. Nilidhani ni kutu imefichwa. Wewe ungedhani nini?

Wiki kadhaa zikapita. Alasiri moja nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua maharagwe, Wambui akiruka peke yake. Alikuwa wa nasari wakati huo, mwembamba, ukimbeba husikii uzito. Nikaona turubai inazama. Nakuambia ilizama kama aliyetua ni gunia la mahindi. Halafu Wambui akarushwa juu, juu kuliko nilivyowahi kumwona, na akashuka akicheka, mkono wa kushoto ameunyoosha kando.

Nikamwita.

"Unaruka aje namna hiyo?"

"Ni ule mama ananisaidia."

"Mama gani?"

"Ule wa viatu nyeupe. Ananishika mkono ndio nisianguke."

Nilitazama uani. Hapakuwa na mtu. Mama Atieno akaja, akaibonyeza turubai kwa viganja vyote viwili, akasema springi zimezeeka, na watoto nao hawakosi hadithi. Baba Wambui alipotoka kazini alibadilisha springi mbili, akaniambia mtoto anakula vizuri, amekuwa mzito, sasa ninalia nini. Tukacheka wote. Mimi pia nilicheka.

Sasa sikiliza jioni yenyewe.

Giza lilikuwa linaingia. Nilikuwa jikoni nikikaanga vitunguu, baba Wambui hajarudi, na nilijua Wambui yuko sebuleni na kalamu zake za rangi. Nikasikia springi. Ukiishi na Rukaruka unaijua sauti yake. Mtoto mmoja hulia hivi: nyiii, kimya, nyiii, kimya. Jioni hiyo zilikuwa sauti mbili, moja nzito, moja nyepesi, moja ikiifuata nyingine kama watu wawili wanaopokezana maneno.

Nilitoka na mwiko mkononi. Cha kwanza kuona ni viatu. Pata-pata za Wambui zilikuwa zimevuliwa kando ya mguu wa chuma, na kando yake, zimepangwa sawasawa, sandali nyeupe za mwanamke. Niamini, ni zile sandali zilizonimaliza nguvu. Alikuwa ametii sheria yangu.

Nikainua macho. Mwanamke wa rika langu. Gauni la maua, sweta ya bluu imefungwa vifungo vyote, kitambaa kichwani. Mtu ambaye ungemkuta kwenye foleni ya maziwa ukamsalimia bila kufikiri. Alikuwa amemshika Wambui mkono wa kushoto, na wote wawili walikuwa wanacheka, lakini kicheko nilichokisikia kilikuwa kimoja. Na gauni lake. Aliruka juu, halikupepea. Alitua, halikupanda. Lilining'inia tu kama nguo iliyo kwenye hanga.

Kwa nini sikukimbia? Kwa sababu nilikuwa natazama miguu yao, si sura. Kila alipotua yeye, turubai ilizama, na Wambui akaikuta inarudi juu na nguvu yote ya mtu mzima. Ikamrusha. Kila mara juu zaidi. Niliona kichwa cha mtoto wangu kikipita zile chupa za ukutani, na ule mkono mmoja ukivutwa chini wakati mwili mzima unataka kwenda. Nilijua wazi kinachokuja.

"Shuka!" nikapiga kelele.

"Kidogo tu, dada," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu mwenye adabu. "Ona anavyofurahi. Usiogope, nimemshika. Mara hii siachilii."

Mara hii. Hapo ndipo nilijua ninaongea na nani. Si jina, jina sijui hata leo. Nilijua ni mama, na nilijua ule upande wenye rangi mpya ulifunika nini.

"Si mkono," nikamwambia. "Unanisikia? Haikuwa kuachilia mkono. Ni uzito wako. Mtu mzima hapandi na mtoto. Wewe ukitua, yeye anarushwa. Hata ungemshika kwa minyororo angerushwa."

Alinitazama. Bado alikuwa akiruka, lakini uso ulikuwa umesimama.

"Waliniambia ni Mungu alimwita," akasema. "Halafu nikawasikia jikoni wakisema niliachilia mkono."

"Walikudanganya mara mbili."

Sijui nilipata wapi sauti. Nilimwambia asisimame ghafla, maana akisimama wima Wambui atatua vibaya. Nilimwambia akunje magoti akitua, akunje tena, ainywe ile nguvu, kisha apige magoti kabisa. Akafanya. Alifanya polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Turubai ikalegea. Wambui akaruka kidogo, akaruka kidogo zaidi, akaketi. Kimya.

Lakini mkono hakuuachilia.

"Mwachilie," nikasema.

"Ataanguka."

"Ameketi. Mtazame. Hakuna pa kuanguka."

Alimtazama Wambui kwa muda mrefu. Akaanza kufungua vidole, kimoja, halafu kingine, kama mtu ambaye vidole vyake vimeganda. Kile cha mwisho kilipotoka nilimvuta mtoto wangu kifuani, na juu ya mabega yake nikamwona yule mwanamke akiteremka upande wa pili. Aliokota sandali zake, hakuzivaa. Akapita akiburuta kiganja juu ya magunia yangu, na alipofika pale penye rangi mpya akasimama.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema.

Wewe ungemjibu nini? Nilimwambia hakujua. Nilimwambia hakuna aliyemwambia. Akaitika kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayeshukuru kwa chai ambayo hakuweza kuinywa, na nilipopepesa macho ua ulikuwa mtupu. Jikoni vitunguu vilikuwa vimekuwa makaa.

Kesho yake nilitembea mpaka Pumwani na mtoto mgongoni. Yule muuza vyuma alijua kwa hasira yangu nimefuata nini kabla sijataja kitu. Nikamwuliza nani aliiuza Rukaruka. Akafuta mikono kwa kitambaa, akafuta tena.

"Baba mmoja wa huko juu ya Mathare," akasema. "Mkewe alipanda na msichana wao, wakishikana mikono. Msichana akarushwa, akaangukia chuma. Mama naye akakataa kula. Hakukaa sana, akafa. Sasa yule baba angeweka kitu kama hicho ua wake cha nini?"

"Na wewe ukapaka rangi."

"Nilipaka rangi, mama, na nikabadilisha springi zilizopinda. Ni kazi yangu."

"Na mume wangu hukumwambia."

"Hakuuliza. Na ningesema, angenunua?"

Nilimtukana maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani niligundua kwamba yeye ndiye mwenye makosa madogo. Fikiria yule mama. Ndugu zake wamejaa nyumbani, wanapika, wanaimba, wanamwambia Mungu amempenda mtoto zaidi. Kisha wanaingia jikoni kunong'ona ati aliachilia mkono. Katika watu wote hao, hakuna mmoja aliyeketi naye akamweleza kilichotokea, kwamba alifanya kosa la kumpenda mtoto kwa namna isiyofaa, kosa ambalo mimi au wewe tungelifanya Jumapili yoyote. Akaenda kaburini akiamini dawa ni kushika kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana alirudi. Hakuja kuniibia mtoto. Alikuja kushika vizuri.

Baba Wambui alitaka kuiuza. Ndiyo, aliniambia hivyo, nikiwa bado nimembeba mtoto. Nikamwuliza atamwuzia mama wa nani, na atafunga mdomo au atausema ukweli. Kisha akaenda kuazima msumeno wa chuma, akaikata vipande vipande mwenyewe, na ile turubai mimi nikaimaliza kwa makasi ya kushonea mpaka mkono ukatoka malengelenge. Tangu siku hiyo hajanifanyia mzaha wa mabawa.

Wewe ambaye una kitu kama hicho uani, au hata kitanda cha zamani cha springi ambacho watoto wamekigeuza cha kurukia, nisikie. Funika vyuma. Kagua kulabu. Kisogeze mbali na ukuta. Mtoto mmoja, mmoja tu, na wewe baki chini, miguu kwenye udongo, hata akikuita, hata akinyoosha mkono. Na ukinunua kwa mtu, mwulize ni nani aliruka kabla yako. Ukiona turubai inazama kuliko uzito wa mwanao, usibadilishe springi. Mteremshe.

Wambui yuko darasa la nne sasa. Nimemfumia glavu moja ya sufu, ya kushoto, na huko shuleni wanamcheka. Usiku akiwa amelala mimi hukaa kando ya kitanda nikiutazama ule mkono. Vidole hujikunja, vinashika kitu, vinakaa hivyo. Kisha vinafunguka, kimoja kimoja, polepole. Tukienda kuvuka barabara hunipa mkono wa kulia, hata kama nimesimama kushoto kwake. Atazunguka mpaka upande wa pili. Juzi nilimwuliza kwa nini asinipe tu ule ulio karibu nami.

"Huo una mtu, mathe," akaniambia, na tukavuka.